Sakafu ya Darasa la Nne

Ubao niliuazima kwa fundi Shee wa Majengo,
bado wanuka gundi, una msumari mmoja aliousahau.
Tukauegemeza kwenye vitabu vitatu vya Hisabati
vilivyokwisha majalada. Leo vina kazi nyingine.

Vigari wamevileta wenyewe.
Cha Mbeyu ni pakiti ya maziwa, magurudumu ya kandambili.
Cha Salim Bakathir ni cha dukani, chekundu, milango yafunguka,
na hataki mtu akishike.
Cha Chengo ni kopo la dawa ya mbu na vifuniko vinne vya soda,
kimoja kimepinda, basi chaenda mshazari
kama mtu aendaye dukani akakumbuka ana deni.

"Msikisukume. Kiachilieni tu."
Kusukuma na kuachilia! Dakika kumi zikaisha
tukibishania tofauti yake,
maana kidole cha Salim kina ujanja wake.

Kitabu kimoja: sentimita arubaini na mbili.
Vitabu vitatu: mia moja na tano.
Rudia. Mara moja si ushahidi.
Mia na mbili. Mia na tisa. Mbeyu anuna: "Mbona kinadanganya?"
Juu ya gunia la mchele kikaguna, kikasimama.
Juu ya mchanga wa Nyali, uliokuja ndani ya mfuko wa mkate,
hakikumaliza hata nusu ya rula.

Nikauliza: kimesimamishwa na nini?
"Kimechoka," asema Mwanasiti,
na darasa zima likaafiki; nami nusura niafiki,
saa sita ile, joto lile,
mabati yakilia juu yetu, ta, ta.
Nikaandika kwa chaki: MSUGUANO.
Mwanasiti akanakili, herufi moja moja,
kisha pembeni, kwa penseli, akatia: uchovu wa gari.
Nilipopita kusahihisha, nilipiga tiki kwa zote mbili.

Tulikuwa tukikusanya vyombo.
Chengo akaweka kopo lake chini, kwenye saruji tupu,
afunge kamba ya kiatu.
Likaanza kwenda.
Polepole, kama linaloiba.

"Mwalimu, sijaligusa!"
Salim akarukia dawati: "Jini!"
Tukaweka chekundu. Kikaenda.
Tukaweka pakiti ya maziwa. Ikajikokota, ikaenda,
zote kona ile ile, ya dirisha la upande wa Kilindini.
Mwanasiti akakigeuza chekundu, kikatazama mlango.
Kikarudi kinyumenyume, konani.
Kimya.
"Basi si gari," akasema Chengo. "Ni chini."
Akamimina maji ya chupa yake ya kunywa, yote,
nayo yakashika njia ile ile bila kuuliza.

Miaka kumi na mmoja nafundisha chumba hiki.
Kila mvua za mwezi wa tano napiga deki kona ile
nikililaani dirisha.
Dawati la nyuma nimelikunjia karatasi mguuni,
nikaandika kwenye ripoti: bovu.
Chaki zangu zikianguka huwa nazifuata huko huko,
na sikuwahi kujiuliza.

Kengele imelia, hawatoki.
Wamelala kifudifudi, mashavu kwenye saruji,
jicho moja wamelifumba,
wanautafuta mlima.

Nikavua viatu.
"Sogea, Chengo," nikamwambia. "Nami nione."