Wiki ya Bastola Tupu

"Wiki nzima uivae tupu," alisema Kwamboka, mwalimu wetu.
"Umenye viazi nayo, ufagie, uiname."
Nikaifunga kiunoni, chini ya sweta,
hapa Umoja, ghorofa ya tatu, mapazia yamefungwa.

Siku ya kwanza ilinichoma ubavuni kama deni.
Ya pili, mkono haukutulia.
"Ukiipapasa hivyo umeshamwambia mwizi."
Jirani akaja kuomba chumvi;
nikamfungulia nimejikunja, kama mwenye msokoto wa tumbo.

Duka langu la dawa limevunjwa mara mbili.
Mmoja wao namjua macho:
alikuwa akimnunulia mamake dawa ya kifua.

Leo, siku ya sita,
nimepika, nimefua,
nimemsuka Nasimiyu hadi utosini,
kichwa chake kimeegemea hapohapo.
Ndipo nikakumbuka.

Kesho tunatia risasi.