Mstari wa Nne

Zabibu za Hombolo hazingoji mtu.
Zikikatwa alfajiri, jioni zinatoa machozi ndani ya kreti
na nyuki wamewahi kabla ya karani.
Ndiyo maana ushirika ukataka mfumo,
ndiyo maana mimi, ghorofani Area C,
dirisha nimelifunga kwa ajili ya vumbi la Agosti,
nikaandika mistari mitatu:

toa fedha kwenye akaunti ya ushirika,
ziingize kwa mkulima,
futa kilo zake katika orodha ya wanaodai.

Yote, au hakuna hata moja.
Juu nikafungua muamala, chini nikauthibitisha,
na pembeni nikaweka amri ya dharura:
likikwama lolote, tangua.

Nililipenda neno hilo.
Tangua: mkeka unakunjwa kabla mgeni hajaukalia.
Kanzidata ni mwungwana. Ukiiambia itangue
haiulizi nani kakosea,
inarudi ilipokuwa, shilingi kwa shilingi,
wala huoni unyayo.

Kulikuwa na mstari wa nne.
Niliuchomeka katikati, baada ya fedha, kabla ya orodha,
siku katibu Chidawali aliponipigia simu mara sita:
mtumie mkulima ujumbe.
Nikauandika nimesimama, begi begani.

Alhamisi, saa tisa na dakika nne,
orodha ilikuwa imeshikwa.
Karani wa dirisha la pili alifungua jina la Yaledi Masima
asahihishe kilo, akaliacha wazi,
akaenda kunywa chai.
Kufuli juu ya kufuli.
Muamala wangu ukasubiri sekunde thelathini, ukachoka,
ukajitangua.

Vizuri kabisa. Kama nilivyoufunza.
Fedha zikarudi ushirika.
Kilo mia nne kumi na mbili zikarudi kudai.
Akaunti ya Yaledi ikawa sifuri, safi, kama jana yake.

Ila kwenye pindo la kanga simu ilikuwa imeshalia:
Umelipwa shilingi 494,400. Ahsante kwa kuuza nasi.

Nani aliyewahi kutangua mlio?

Alisoma mara mbili, akampa bintiye Nyemo asome mara ya tatu,
kisha akamwambia fundi: panda.
Mpaka mimi naliona kosa, rekodi zangu zote nyeupe,
fundi alishashusha udongo wa paa la tembe,
udongo wa miaka ishirini na moja,
na fito zimelala uani kama mbavu za ng'ombe.
Bati kumi na mbili zilikuwa njiani juu ya guta.
Zilifika. Mwenye duka akataka chake. Zikageuzwa.

Nilikwenda Ijumaa. Nilibeba kompyuta, sijui kwa nini.
Nikamweleza: mama, hesabu haikuharibika,
hakuna hata senti iliyopotea, mfumo ulijirudi wenyewe.
Alinisikiliza hadi mwisho.
Tulikuwa tumekaa sebuleni, na jua lilikuwa sebuleni.
Akasema, "Umejirudi wenyewe. Sawa.
Na udongo wangu nao utapanda wenyewe?"

Usiku ule niliushusha mstari wa nne
chini kabisa, chini ya thibitisha,
mahali ambapo neno hutoka likiwa na kitu mkononi.
Kazi ya dakika mbili.
Nikamnyima na karani kufuli la kwendea chai.
Kisha nikakaa nautazama msimbo,
mzuri, umenyooka,
na nje upepo ukisukuma changarawe ukutani;
nikafikiria nyumba moja Hombolo
inayolala ikitazamana na nyota.

Jumamosi fedha ziliingia. Za kweli.
Simu ikalia, ujumbe ni uleule, herufi kwa herufi.
Nyemo anasema mama yake hakuutazama.
Alifunga pindo la kanga,
akamtuma kwa wakala, mwendo wa nusu saa,
aulize salio kwanza.