Kifua cha Gari Jekundu

Mwanzo ilikuwa filimbi tu,
nyembamba, kama mtu anayefyonza chai ya moto
na hataki wenzake wajue kaungua.
Niliisikia kwenye mlima wa Southwick, gia ya tatu.
Nikazima redio, nikateremsha kioo,
baridi ya Februari ikanizaba kofi.

Mimi kazi yangu ni vifua.
Usiku, wodini Sunderland,
naweka mpira wa kusikilizia kwenye migongo ya wazee
na kusema: vuta. Shikilia. Haya, toa.
Basi Nissan ya mwaka tisini na sita
ingenificha nini?

Gereji namba kumi na moja, safu ya milango ya bati
ambayo baraza la mji limesahau kuipaka rangi.
Norman Thirlwell ndiye mwenye jeki, mwenye taa,
na mwenye kiti kimoja, anachokikalia yeye.
Miaka ishirini na miwili alichomelea meli kwenye mto Wear,
mpaka meli zikaisha.
Akanishikisha feni ya turbo kwa vidole viwili.
Ikacheza, juu, chini, kama jino la mtoto wa miaka sita.
"Imekwisha hii, kipenzi,"
(huku kipenzi ni kila mtu, hata mleta barua).

Jumamosi tatu tulipigana na bolti.
Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji
haina msamaha kwa chuma.
Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikatika.
Ya tatu tuliipasha moto ikawa rangi ya papai,
tukaitukana, mimi kwa Kidigo cha bibi yangu,
yeye kwa lugha ya bandari ambayo sikuiomba tafsiri.
Ekzosi kuukuu wala haikungoja spana,
ilijidondokea yenyewe, kutu tupu,
mkate uliosahauliwa tanurini.

Mpya niliinunua kwa zamu za Krismasi:
bomba la inchi tatu, lisiloshika kutu,
silensa mbili kwa ajili ya majirani,
na turbo kubwa kidogo, ya bwana mmoja wa Durham
aliyeuza kwa kuwa mkewe kajifungua mapacha.

Chali chini ya gari, viatu tu vikionekana,
Norman akanieleza kwamba turbo haina uchawi.
Moshi umeshafanya kazi yake, unakwenda kutupwa;
unasimamishwa mlangoni, unaambiwa:
zungusha hiki kwanza, ndipo uende zako.
"Kama sisi wastaafu," akasema, akacheka,
kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikadumu kuliko mzaha.
Viatu vikatikisika.
Nilihesabu bila kutaka. Sikio halina likizo.

Jumapili tukaliwasha.
Sauti nzito, ya chini,
inayofika mbavuni kabla ya masikioni.
Ng'ambo ya uchochoro, pazia likasogea.
Barabara ya pwani, kuelekea Whitburn, nikakanyaga.
Kimya. Moja. Mbili.
"Subiri," akasema. "Kubwa hukawia."
Kawia ufike, nikamjibu kwa Kiswahili,
na hapo hapo kiti kikanisukuma mgongoni,
nyasi za kando zikawa mstari mmoja wa kijani,
na mzee wa miaka sabini na tatu akapiga yowe
kama kijana aliyetoroka shule.

Tukaegesha tukitazama maji ya kijivu.
"Haya, daktari, unasikia nini?"
Mimi si daktari. Nimemwambia mara mia.
Nikainamisha kichwa. Mafuta yanazunguka. Feni, laini.
Filimbi ipo bado,
lakini inatoka kiti cha kushoto,
kila anapovuta.

"Gari zima," nikasema.
"Najua ni zima. Nimelichomelea mwenyewe."
Hakunitazama.

Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo.
Akaushika.
"Usizime bado. Turbo haizimwi ikiwa ya moto.
Iache ipumue dakika mbili."