Uzito wa Kweli

Urve amehamia Tartu kulea wajukuu,
na kana ya Tihane haitaki kuachwa hata kwa kupenga kamasi:
ukiiachia, mashua inageuka kuutazama upepo
kama ng'ombe aliyesikia ndoo.

Kwa hiyo niko Kuressaare, dukani kwa Endel,
Februari, theluji viatuni,
nanunua mkono.

Upo wa kwanza, fimbo nyeusi yenye mota:
unasukuma kana, unavuta kana, unalia ngii, ngii,
mlango wa zahanati.
Unakula betri. Maji ya chumvi yakiuingia
unakufa bila kuaga.

Upo wa pili, ubao mwembamba wa kusimamishwa tezini.
Huo unausoma upepo wenyewe, haudai umeme,
unadai pensheni yangu ya miezi minane,
na tezi ya Tihane ni nyembamba kama kiti cha kanisani.

Wa tatu hauuzwi. Mpira wa hospitali upande huu,
kamba ya tanga upande ule,
vivutane hadi vipatane.
Nimeujaribu. Upepo wa ubavuni, amani tupu;
ukihamia mgongoni, ndoa inavunjika.

"Mashua yako ina uzito gani?" Endel anauliza.
Tani mbili na nusu. Imeandikwa hivyo tangu ilipoundwa.
"Karatasi haielei," anasema,
na anarudisha maboksi yote rafuni.

Aprili, winchi ya bandarini ikamwinua Tihane,
namba nyekundu zikahangaika, zikatulia:
tani tatu, kilo mia moja na themanini.
Niliona haya kana kwamba nimepimwa mimi,
mbele ya watu, na koti langu.

Omo na tezi, marejeo ni ngamani.
Nikashuka huko na tochi.
Mnyororo mpya wa nanga,
na chini yake ule wa zamani tulioapa kuuza.
Kikaango cha chuma cha Urve.
Mitungi ishirini na mitatu ya matango ya siki,
mwandiko wake juu ya vifuniko: bizari,
vitunguu saumu,
usile, hili ni jaribio.
Viatu vya mpira viwili, vyote vya kushoto.
Na mawe.
Kila kisiwa tulichotia nanga aliokota jiwe,
akaniambia ni hili moja tu.
Miaka thelathini nimekuwa nikisafirisha visiwa
na kuilaumu rangi ya chini kwamba inatupunguzia mwendo.

Nikampigia simu. Nitupe?
Kimya. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia,
kijiko kikigonga sahani.
"Mnunulie mkono mkubwa zaidi," akasema.

Nikanunua wenye mota, wa tani nne.
Endel hakuuliza kitu. Alinipunguzia bei ya skrubu.

Kutoboa kana ndiko kulikonishinda.
Mti ule una bonde dogo, mahali kiganja chake kilipokaa
zamu za saa nane usiku,
na kipimo kilisema tundu liwe papo hapo.
Nikapima mara tatu. Nikasogeza vidole viwili.
Maelekezo yanakataza.

Juni, maili sita nje ya bandari, nikabonyeza kitufe.
Ngii. Ngii.
Mkondo nyuma yetu ulipinda kama saini ya daktari.
Hakilioni wimbi la nyuma likija, kifaa hiki,
hulijua likishapita,
kama mimi na mambo mengi.
Lakini kilishika. Dakika kumi. Ishirini.
Mikono yangu haikuwa na pa kukaa,
nikaikalia.

Kisha nikashuka ndani, nikachemsha maji,
nikaketi mezani na kikombe kilichojaa pomoni
kama mtu aliye nyumbani kwake,
nikapiga funda kubwa
nikaungua ulimi.

Miaka thelathini baharini.
Chai sikuwahi kuikuta ya moto.