Maji Huchemka Mapema Oruro

Hapa juu milimani maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa.
Nyuzi themanini na saba, na sufuria inapiga kelele
kama mtoto asiyejua alilialo.
Ndiyo maana tunatumia presha, ile ya kupikia maharage;
mpini wake ulifungwa waya na marehemu Don Wálter,
na ndani yake leo vimo vioo sita vya Jumanne.

Juu ya kila kioo, kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu:
mlango wa kizazi wa mwanamke nisiyemjua.
Namba 2117. Miaka thelathini na minne.
Daraja la pili, ameandika Daktari Quisbert,
na penseli yake imekandamiza ile mbili
hadi karatasi ikatoboka.

Si saratani. Nasema tena, maana neno hilo lina miguu,
hutoka maabara kabla ya majibu.
Si saratani; ni seli zilizosahau adabu,
zinapanda ngazi kabla hazijakomaa,
na kirusi kimekaa humo kama mpangaji asiyelipa.

Natia kingamwili, tone kwa tone.
Nasubiri. Natafuna mkate mkavu koridoni.
Natia rangi.
Kisha hudhurungi inachomoza katikati ya buluu,
nukta,
nukta,
kila moja ni seli iliyoitika jina lake: CD8.

Vitabu huziita askari.
Baba yangu alichimba bati; askari niliwaona nikiwa mdogo,
sitaki kuziita hivyo.
Naziona kama wanawake wa mtaa wetu
king'ora cha mgodi kilipolia:
walikimbia hadi langoni, blanketi begani,
wakasimama.

Na hizi nazo zimesimama.
Chini ya utando zimejaa, bega kwa bega;
juu, kwenye kidonda chenyewe, nimehesabu kumi na moja.
Daktari amehesabu tisa.
Tukarudia. Yeye kumi, mimi kumi na moja.
"Hiyo moja yako ni uchafu wa rangi," akasema.
Nikaitazama tena. Ina kiini. Ina ukingo.
Sikuifuta.

Kioo cha pili, FOXP3: hawa ni wapatanishi,
humshika mkono aliyeinua ngumi
wakamwambia basi, yaishe.
Hawa ni wengi, na wamo ndani.
Wao hawakuzuiwa mlangoni.

Sasa niambie, hiyo ni hesabu ya nini?
Wahenga wana lao kuhusu ufa na ukuta.
Lakini ufa huu mara nyingi hujiziba wenyewe,
na kisu nacho huacha ufa wake,
na pembeni mwa fomu, kwa wino mwingine,
imeandikwa: anataka mtoto.

Alhamisi namba ilikuja na jina, Casimira Chambi,
kofia nyeusi, vidole vimekwaruzwa na sufu.
Nilikuwa naosha presha.
Hakuuliza kama atakufa.
"Mmeona nini humo ndani?"
Daktari alikuwa kwenye simu. Ilinipasa kunyamaza.
Nikasema, "Watu wako wamefika, mama. Wako mlangoni."

Akafikiri. Akakaza fundo la mtandio kifuani.
"Basi mtu awafungulie."

Nikafuta mikono kwenye aproni
nikaenda kumkatiza Daktari simu yake.