Hesabu ya Meno

Walitupanga kwa kimo uwanjani Malindi
jua likiwa bado halijanoa makali.
Wavulana futi tano na inchi nane, wasichana tano na tatu;
aliyeinua visigino alichekwa hadi getini.
Vyeti tumevikumbatia: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne,
na kile cha tabia njema, chenye alama za vidole,
ambacho mama alikilipia kwa madebe mawili ya korosho.

Tukakimbia. Kaka yangu Yeri akamaliza wa kwanza,
mimi nyuma huko, nimeshika ubavu.

Kisha hema. Daktari na tochi yake:
Vua viatu. Unganisha magoti. Kohoa.
Fungua kinywa.
Akanihesabu kama mtu ahesabuye chenji asiyoiamini.
Thelathini na mbili. Nikaandikwa namba mkononi kwa kalamu nene.

Yeri alikuwa na thelathini na moja.
"Hili liko wapi?"
Kaka akaziangalia buti za afisa aliyeketi pembeni.
"Nilianguka, afande."
Sote wawili tulijua alikoangukia:
Ganda, disko matanga ya shangazi yetu,
kitako cha bunduki, usiku wa msako wa vitambulisho.
Jino lilibaki mchangani, kuku wakaliparua asubuhi.
"Mwingine!"

Sasa mimi ni konstebo, dawati la ripoti, Lamu,
zamu ya usiku.
Doria hapa ni miguu. Vichochoro ni vyembamba:
nikikutana na punda aliyebeba mawe
mmoja wetu hurudi kinyumenyume, na si punda.
Nachemsha chai ya Sajini Wambua. Nafagia seli.
Nahesabu pingu, nahesabu risasi, natia sahihi.
Halafu kitabu cha matukio, kizito kuliko bunduki:
Bwana Famau alalamika, punda wa jirani amekula buibui la mkewe kwenye kamba.
Bi Mwanashee amepotelewa na ufunguo, si wa mlango, wa kasha.
Mtoto ameokotwa Langoni, analia, ajua jina la paka wake tu.

Mshahara ukiingia, nusu yake huenda Ganda.
Yeri anakata matofali timboni.
Hunitania kwenye simu, "Afande,"
na neno lapenya kwenye pengo, latoka na mluzi.

Saa tisa kasoro, waliokuwa doria
walimleta kijana wa Wiyoni,
shati limelowa kifuani, hana kitambulisho.
Jina, Kupi Bwanaadi. Umri, kumi na tisa.
"Andika alianguka," Sajini akasema akivua kofia,
bila hasira, kama mtu aombaye sukari.
"Ngazi za gatini zina utelezi."

Na kweli zina utelezi. Hilo ndilo lililonichosha.

Nikachukua tochi ya dawati.
Nikaisikia sauti yangu, na haikuwa yangu, ilikuwa ya hemani:
Fungua kinywa.
Alifunga macho kwanza.
Nikahesabu, juu, chini, tena juu,
kijiko cha Sajini kimesimama ndani ya kikombe.

*Saa tisa na dakika kumi. Tukio la kumi na nne.
Ameletwa akiwa na meno thelathini.
Mapengo mawili ni mapya, damu mbichi.
Yeye hajasema alianguka.
Sajini amesema.
Mwandishi: Kadzo Ngumbao, konstebo.*

Kitabu kile hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja,
unatia sahihi pembeni, kosa nalo lisomeke.
Sijapiga mstari.

Sajini amekifunga, ameweka kiwiko juu yake.
Hatujasemezana. Chai imefanya utando.
Nimempa kijana maji ya chumvi asukutue,
ametema ndoo ileile ninayofagilia.
Zamu hubadilishwa saa kumi na mbili,
na anayeipokea, kabla hata hajavuta kiti,
sharti asome.