Umo, Humo

Kazi yangu Barka ni kuitoa chumvi baharini.
Zamu ni saa kumi na mbili: nasikiliza pampu,
nasoma geji, naandika namba kwenye daftari,
na maji matamu yanakwenda Maskati kwa bomba.
Chumvi ya bahari naiweza.
Ya damuni mwangu imenishinda.
"Punguza chumvi," daktari aliniambia.
Nikacheka. Akadhani simwamini.

Likizo yangu ni siku sabini,
nilizozidunduliza miaka miwili.
Tiketi ninayo. Doti nne za Mwanakheri ninazo.
Redio ya mkwe wangu nimeifunga kwa taulo.
Kilichobaki ni hii kadi ya bima,
nyembamba kama ukucha,
yenye picha yangu ya siku ile nilipokuwa na nywele.

Nimekwenda Ruwi, ghorofa ya tatu,
namba yangu themanini na nne.
Bi Ghaniya wa dirisha la pili akaigeuza kadi
kama mnunuzi anayefunua matamvua ya samaki,
kisha akanijibu kwa Kiswahili cha bibi yake wa Wete,
Kiswahili kilichopigwa pasi, hakina mkunjo:

"Ndani ya Usultani, umo.
Nje, umo siku thelathini, na iwe dharura.
Siku ya thelathini na moja, baba, humo."

"Na presha?"
"Presha si dharura. Presha unayo."
"Ikinipandia huko?"
"Ikikuangusha, hiyo dharura.
Ila ikuangushe kabla ya tarehe tisa."

Tukatazamana.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa shela.

Nikamuuliza habari ya risiti.
Ziwe na muhuri, akasema, na jina la dawa,
ziwe kwa Kiarabu au Kiingereza.
Nikamfikiria Tabibu Shemdoe wa zahanati yetu,
anayeandika risiti kwa kalamu ya mwanawe wa darasa la nne,
*Bwana huyu amelipa, asidaiwe tena.*
Nikamwambia Bi Ghaniya hivyo hivyo.
Akanyamaza. Nyuma yangu themanini na tano alikohoa.
"Niletee mimi," akasema. "Mkononi, si kwa posta.
Nitaisoma mimi."

Duka la dawa nalo lina hesabu yake:
vidonge thelathini kwa mwezi, mwezi mmoja kwa mara moja.
Mfamasia akaikwangua kwangua kompyuta,
kompyuta ikakataa, akanionyesha ilivyokataa.
Sabini toa thelathini.
Hata mimi niliyeacha shule kwa ajili ya karo
najua kinachobaki.

Usiku Biju amenigongea mlango.
Tunalala ukuta kwa ukuta, presha yetu moja,
dozi moja, rangi moja ya kidonge.
Ameshika kopo la iliki, halina iliki.
"Arobaini," amesema. "Nimehesabu mara mbili.
Mimi nitanunua kwa pesa, nipo hapa, nimo.
Ukirudi utanilipa, kidonge kwa kidonge."
Nimemtafutia neno la kumwambia kwa Kiarabu chetu kibovu,
Kiarabu cha spana na vali,
sikuliona. Nikampa mto wangu.
Mto mzuri, wa sponji.

Sasa ni saa nane. Kiyoyozi kinadondoka kwenye ndoo.
Kadi nimeiweka ndani ya pasipoti,
ukurasa wa viza, zilale pamoja.
Nimezitia tarehe kwenye kalenda ya simu:
ya kuondoka, ya tisa, ya kurudi.
Kati ya tisa na kurudi pana siku arobaini
ambazo nitatembea kwa adabu,
sitapanda mnazi, sitabishana na shemeji,
nitameza kidonge cha Biju kila alfajiri
na kumtajia jina lake.

Mwanakheri amepiga, anauliza anipikie nini nikifika.
Chochote, nimesema.
Chumvi tia kidogo.
Kwani unaumwa?
Hapana, mama watoto. Nimeizoea kuiona ikitolewa.